Mkwe Ameahidi Kuitazama Bia Yangu

Shangazi mpendwa wa gazetini, shikamoo. Naomba msaada wako, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu najua utacheka tu, hata mama watoto amecheka, na yeye si mtu wa kucheka ovyo, ni karani wa mahakama.

Mimi ni fundi vioo. Sipendi kujisifu, lakini ukipita mtaa wetu madirisha mengi utakayoyaona ni ya mkono wangu, na ule mlango wa kioo wa benki, ambao watu huugonga kwa paji la uso wakidhani uko wazi, ni wangu pia, na kila nikisikia mtu amejigonga namhurumia kweli, ila papo hapo moyo wangu unafurahi, maana kioo kisichoonekana ndiyo sifa ya fundi. Nina binti mmoja, naye ni mwendesha kreni, ile ndefu ya manjano inayojenga ghorofa jipya, na watu wakisimama kuishangaa mimi huwaambia, hata kama hawajaniuliza, kwamba aliyekaa kule juu ni mwanangu. Mwanzoni walikuwa wakinibishia. Siku hizi wananikwepa.

Sasa tuje kwenye bia. Mteja mmoja niliyemwekea madirisha alinipa chupa ya bia kutoka Ubelgiji, ya rangi ya dhahabu, na nilipoionja nilinyamaza, mama watoto akaniuliza kama naumwa. Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi. Nimejifunza kwenye simu, nimeagiza kimea cha shayiri, nimeagiza hamira ya aina ileile wanayotumia Wabelgiji, nimefurisha sufuria jikoni hadi sakafu ikanata wiki nzima, nimepika bia iliyonuka soksi, nimepika bia iliyopasua chupa na kutuamsha tukadhani wezi, na sikukata tamaa, mpaka nikaipata. Nakuambia nimeipata. Inanukia karafuu na ndizi mbivu ingawa sikutia karafuu wala ndizi, ni hamira tu inafanya kazi yake, povu linasimama bila kuhimizwa, na ukimeza inakuacha na utamu mdogo unaokufanya uitazame glasi upya. Mama watoto, ambaye hamsifu mtu mpaka ushahidi ukamilike, alimaliza glasi yake akasema, "Hii sasa ni bia." Nililala usingizi wa mfalme.

Tatizo ni moja tu, Shangazi, haing'ai. Ina ukungu. Ukiimimina unaona kitu kama maji yaliyooshea mchele yakatiwa rangi, na mimi, fundi vioo, mtu wa kung'arisha, nashika glasi mkononi nisione vidole vyangu upande wa pili.

Hilo ningeweza kuishi nalo, kwa kuwa wanywaji tulikuwa wa nyumbani tu, mimi, mke wangu na binti. Lakini binti amepata mchumba, kijana mpima ardhi, mstaarabu, sina neno naye, na siku aliyotuambia aliniita pembeni akasema, "Baba, kwenye harusi yangu sitaki bia ya dukani mezani. Nataka yako." Nikajifanya natafuta miwani na miwani ilikuwa usoni. Kisha wakwe wakaja kujitambulisha. Baba wa kijana ni mtu mpole, maneno yake machache, kumbe amestaafu kiwanda cha bia, na kazi yake ya miaka yote ilikuwa ukaguzi, yaani kuinua glasi kwenye mwanga na kusema hii iende, hii irudi. Sasa mimi niliposikia hivyo ningepaswa kunyamaza kama mtu mzima, lakini furaha ilinijaa na mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Mkwe, bia ya siku hiyo napika mwenyewe, na itakuwa angavu mpaka utadhani glasi ni tupu." Mkwe akanitazama, akaweka kikombe chake cha chai chini, akasema, "Nitaitazama, mkwe." Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Usidhani nimekaa tu. Bia ya harusi nimeshaipika, imeshamaliza kuchachuka, imo kwenye chupa kubwa za kioo, zile za kubeba kwa kukumbatia, na nimezipanga karakana kwangu kwenye dirisha la mbele, juu ya meza yenye mashine yangu ya kusugua kingo za vioo, ili nikifanya kazi niwe naziona, na wapita njia nao wapate kuziona jua linapozipiga. Mteja akiingia nainyanyua moja naipeleka mlangoni kwenye mwanga, naizungusha kidogo, namwambia hii ni ya harusi ya binti yangu, yule wa kreni, anashangaa, naridhika, nairudisha. Kila asubuhi nateka kidogo kwenye glasi, naweka gazeti nyuma yake kwenye ukurasa wako huuhuu, najaribu kusoma. Mpaka leo sijaweza kusoma hata jina lako.

Nimejaribu pia kuichuja. Nilitumia foronya ya wageni, ile nyeupe nzito, kwa siri, na haikusaidia kitu, bia ilitoka na ukungu uleule na ladha yake ikapooza kama mkate ulioachwa wazi. Foronya nikaifua kwa mikono yangu nikairudisha kabatini. Bahati mbaya mama mkwe akaja kututembelea, akailalia, na asubuhi akamuuliza binti yake kwa upole kabisa kama siku hizi mumewe ananywea kitandani. Nimejaribu na baridi. Nina friji la zamani la soda ambalo kioo chake cha mlango nilikibadilisha mwenyewe, nikaingiza chupa moja, kesho yake nikaikuta imezidi ukungu kuliko ilivyoingia, nikaitoa mbio kabla haijaharibika kabisa.

Kwa hiyo nimefikia uamuzi, na ndio unaoninyima amani nyumbani. Nataka kununua bia ya kiwandani, ile inayong'aa, niifungue polepole, niimimine kwenye chupa zangu, nizibe upya, nibandike karatasi zangu nilizokwisha kuchapisha zenye picha ya kreni. Yangu nitaiacha tuje kuinywa wenyewe. Nani atajua? Nilimweleza mama watoto nikitegemea ataniunga mkono, tumetoka mbali. Alikunja kitambaa alichokuwa anafuma akasema, "Ukifanya hivyo, mimi si shahidi wako. Na nikiulizwa nitasema kweli." Tangu siku hiyo tunazungumza kwa sahani, anaweka mezani, natoa mezani.

Shangazi, mimi si mwongo. Sijawahi kumwekea mtu kioo chembamba nikamwambia ni kinene. Lakini siwezi kusimama mbele ya mkwe, siku ya mwanangu wa pekee, nimeshika glasi ya maji ya mchele. Je, nibadilishe bia? Au kuna dawa? Harusi haiko mbali sana, lakini muda kidogo bado upo. Nijibu upesi.

Ni mimi, Fundi Vioo.

*

Fundi, marahaba. Nimecheka, nakiri, na nilicheka zaidi kwenye foronya. Mpe pole mama mkwe wako.

Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa ofisini, kisha nikampigia simu dada mmoja ninayemfahamu, ambaye kupika bia ndiyo kazi yake, nikamsomea na yeye. Hakunisubiri nimalize. Nilipofika pale unapoinyanyua chupa kumwonyesha mteja, alisema, "Mwambie aiache." Na mimi nilikuwa nimeshafikia hapohapo bila kupika bia hata siku moja, kwa sababu jibu umeniandikia mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, ila ulikuwa na haraka ya kujisifu ukalipita.

Fundi, ule ukungu kwa sehemu kubwa ni hamira. Hamira ya Wabelgiji, ambayo ndiyo inakupa karafuu yako na ndizi yako, ina ukaidi mmoja: haishuki chini upesi kama nyingine. Inaelea, inazurura, inataka iachwe itulie yenyewe. Wewe unafanya nini? Umeiweka juu ya meza inayotikiswa na mashine tangu asubuhi mpaka jioni. Inapoanza tu kushuka, mteja anaingia, unaikumbatia, unaipeleka mlangoni, na kana kwamba hilo halitoshi unaizungusha. Mashapo yote yanaamka. Kesho unashangaa mbona haisomeki gazeti. Ni kama mtu anayemwimbia mtoto alale, kila akisinzia anamwamsha kumwonyesha wageni. Mtaa mzima umeiona bia yako, fundi, ndiyo maana haijapata nafasi ya kuwa safi.

Na hilo dirisha. Unajivunia jua linavyozipiga chupa zako, wakati jua huiharibu bia, huipa harufu mbaya ambayo hutaipenda na mkwe wako ataitambua kabla hajafika mezani. Mungu amekusaidia tu haijaanza kunuka. Najua ni vigumu kumwambia fundi vioo afunike kitu, lakini leo hiihii chukua blanketi zito, funika.

Foronya tuiache, aliyeilalia ameshakuhukumu. Nikuambie tu kwamba hamira ni ndogo mno, kitambaa hakiizuii, na ulipoimimina ile bia kupitia kitambaani uliipigisha hewa, ndiyo maana ladha ilipooza. Usichuje tena kwa kitu chochote cha chumbani.

Lakini kosa lililoniuma ni la friji, kwa sababu hapo ulikuwa umeshaishika dawa mkononi. Bia ya nyumbani ikipoa, kwanza huzidi ukungu. Ndivyo ilivyo. Baridi inavikusanya vile vitu vidogo visivyoonekana, vinaonekana, kisha vinaanza kushuka pamoja na hamira. Wewe ulichungulia mara moja, ukaona hali imekuwa mbaya, ukaitoa. Hapo hapo ndipo ungefunga mlango ukaenda zako. Wanaume mnapenda kutuambia sisi hatuna subira jikoni.

Basi fanya hivi. Chupa zote zitoke kwenye ile meza, zibebwe taratibu, ziingie kwenye friji lako la soda, na kioo chake ulichokiweka kwa ustadi kifunikwe kwa ndani kwa karatasi nzito. Weka baridi kali lakini isigande. Zikae humo wiki mbili, tatu kama harusi inaruhusu, na wewe usizisogeze, usizionje, usimwonyeshe mtu. Ufunguo wa friji mpe mama watoto. Huyo ndiye mtu mmoja nyumbani kwako ambaye najua kwa hakika hatakuonea huruma.

Dada yangu wa bia anasema kama muda ni mfupi unaweza kuisaidia kwa jelatini, ule unga usio na rangi wala ladha unaouzwa wanapouza vifaa vya keki. Kidogo tu, uyeyushe kwenye maji ya moto yasiyofika kuchemka, umimine polepole kwenye bia iliyokwisha kupoa, ufunge, uondoke. Itashuka nayo hamira. Ila jelatini hutoka kwa wanyama, na kwenye harusi huwezi kujua kila mgeni anakula nini, kwa hiyo ukiitumia sema wazi. Ukiweza kusubiri bila kuitumia, mimi ningependa zaidi usubiri. Utajifunza kitu.

Wakati wa kuitia kwenye chupa ndogo tumia mpira mwembamba, uinyonye kutoka juu ukiacha kile cha chini kabisa. Roho itakuuma kukiacha, iache ikuume. Utatia sukari yako kidogo ya kuleta gesi kama unavyofanya siku zote, utaziacha kwenye joto la kawaida mpaka gesi ikamilike, kisha zirudi kwenye baridi zikiwa zimesimama wima. Chini ya kila chupa patakuwa na mashapo kidogo, na hilo si aibu, bia nyingi za Wabelgiji wenyewe ziko hivyo. Siku ya sherehe mimina kwa mkono uliotulia, mara moja bila kurudisha, na ukikaribia chini simama.

Hayo ni ya bia. Sasa tuje kwako.

Umeniuliza nani atajua ukibadilisha. Hebu tuanze na mkwe. Mtu amekagua bia ya kiwandani maisha yake yote ya kazi, nawe unataka kumdanganya kwa bia ya kiwandani. Fundi, umefikiri vizuri? Huenda ni bia ileile aliyoipitisha yeye mwenyewe kwa miaka yote hiyo. Ungeweza kumficha mtu mwingine yeyote kwenye ukumbi ule, hata mchungaji, lakini huyu utakuwa umempelekea mtoto wake mwenyewe ukamwambia ni wa kwako.

Halafu hilo neno lake linalokunyima usingizi. Alisema atatazama. Wewe umesikia tishio. Mimi nimesoma sentensi ileile nikamwona mzee aliyestaafu, ambaye tangu aache kazi hakuna mtu aliyemletea glasi akamwambia tazama. Siku moja anakwenda kujitambulisha kwa wakwe, anaogopa atazungumza nini, na baba wa bibi harusi anamwambia nakupikia bia. Akaweka chai chini. Mtu anayekudharau haachi chai yake. Mpigie simu wiki hii. Mwambie, "Mkwe, bia yangu ina ukungu na nilikuwa naizungusha kila siku kama mjinga, njoo siku ya kuitia kwenye chupa unisaidie macho." Utaona atafika kabla hujaandaa kiti. Na kama atasema hii irudi, afadhali aseme karakana kwako kuliko mezani kwa mwanao.

Mke wako amekujibu vizuri kuliko mimi, na kwa maneno machache. Kamwambie hivyo. Usipeleke maelezo marefu, makarani wa mahakama wanasikia maelezo marefu kutwa nzima.

Nimebakiza binti, na hapa nitakusema, kwa hiyo vumilia. Huyu mtoto, anayekaa juu ya kreni na tani nzima ya chuma ikining'inia chini yake bila mkono kutetemeka, hakukuomba bia angavu. Angavu ni neno lako, ulilisema wewe mbele ya wakwe kwa sababu moyo ulikuwa umejaa, na moyo uliojaa siulaumu. Yeye ameishi na bia yako tangu ile ya soksi. Anaijua ladha yake. Siku ya harusi atainua glasi, atameza funda la kwanza, atajua palepale. Atakutazama. Wewe utageuka kujifanya unamsikiliza mpiga picha. Na yeye, kwa kuwa mmemlea vizuri, atatabasamu, atainua glasi tena, ataisifu bia ya baba yake mbele ya watu wote, akijua si ya baba yake. Utakuwa umempa kazi ya kukufichia aibu siku ambayo hakupaswa kuwa na kazi yoyote.

Hapana, fundi. Hubadilishi. Sitaki hata uliwaze tena, na zile karatasi zenye kreni zisibandikwe kwenye kitu ambacho hukukipika.

Unajivuna sana, na sitakwambia uache, kwa sababu una haki ya kujivuna. Umejifunza kazi ya watu wa mbali kwenye simu, ukaharibu, ukarudia, mpaka karani mgumu akasema hii sasa ni bia. Umelea binti ambaye, akiulizwa anataka nini mezani kwake, anataka kitu kilichotoka mkononi mwako. Kuna wazazi wananiandikia kila wiki ambao wangetoa kila walicho nacho waombwe hivyo mara moja tu.

Kwa hiyo siku hiyo usimwachie mhudumu chupa ya kwanza. Fungua mwenyewe. Mimina taratibu, glasi ya kwanza mpe mwanao, ya pili mpe mkwe, halafu kaa chini unyamaze, najua itakuwa kazi ngumu kuliko zote. Mkwe akiinua yake kwenye mwanga, mwache atazame apendavyo. Wewe mtazame binti yako anavyokunywa.